Ulimi wa Mwonja Chai

Mama yangu alionja chai kwa zaidi ya miaka thelathini. Sisemi kunywa, nasema kuonja. Kiwandani walikuwa wakimpangia vikombe vyeupe arobaini juu ya meza ndefu, naye anapita na kijiko, anafyonza kwa kelele ya kuaibisha watoto wake, anazungusha mdomoni, anatema kwenye ndoo, kisha anatoa hukumu ya neno moja. "Imeungua." "Imelala." "Hii ilikaa karibu na sabuni." Siku moja alikataa mzigo mzima wa magunia akisema aliyeyashona alikuwa na mafuta ya taa mikononi. Wakubwa wakacheka, lakini wakaenda kumtafuta mshonaji. Mikono yake ilinuka mafuta ya taa.

Natangulia kusema hayo ili ujue ni ulimi wa nani niliokataa kuuamini.

Mimi ni binti yake, wa mwisho kuzaliwa, na nyumbani sina jina lingine ila Kiziwanda, hata sasa nikiwa na mvi. Kazi yangu ni ya maabara. Wapo watu wanaotia saini kwamba wakifa ubongo wao utumike kwa utafiti, na ukishaletwa kwetu mimi ndiye ninayeukata. Ubongo uliolala kwenye fomalini, dawa ya kuzuia kuoza, huwa mgumu kidogo, kama mche wa sabuni ulioloa. Naukata vipande vyembamba kuliko ngozi ya kitunguu, navitia rangi, naviweka chini ya hadubini na kuhesabu takataka.

Takataka ndilo neno letu. Seli ya ubongo hutengeneza protini mchana kutwa, na kila protini lazima ijikunje kwa umbo lake ndipo ifanye kazi. Zipo zinazojikunja vibaya. Ukiwa kijana haidhuru, kwa sababu seli ina wafagiaji wake wanaozikusanya na kuzivunjavunja. Ukizeeka wafagiaji wanachoka, na vinu vidogo vinavyoipa seli nguvu vinaanza kutoa moshi mwingi kuliko moto. Zile protini mbovu zinashikana. Nyingine zinakuwa mabonge nje, katikati ya seli na seli. Nyingine zinasokotana kama uzi uliochezewa na paka, ndani kabisa ya seli, mpaka njia ya kupitishia chakula inaziba. Seli inasinyaa, inakufa, na jirani yake anafuata.

Nimeyaona hayo kwa miaka kumi na sita. Kwa hiyo Mama alipoanza kuuliza jambo moja mara nne, na kuweka miwani ndani ya friji, sikuhitaji kuambiwa. Daktari wa kliniki alipotaja ugonjwa wenyewe niliitikia kwa kichwa kama mtu anayesomewa barua aliyoiandika yeye.

Mama mdogo akaja kukaa nasi. Ni mdogo wake Mama wa tumbo moja, mjane, mcheshi, mwenye magoti yanayolia akipanda hata ngazi moja. Mimi nilitoka asubuhi na kurudi jioni, yeye akakaa na dada yake mchana. Kaka yangu, fundi wa friji, alikaa upande wa pili wa mji na alipita Jumapili na matunda.

Baadaye zikaja shutuma. Zinakuja kwa wengi wenye ugonjwa huo, na mimi niliwaandaa wenzangu mapema. Mama alisema jirani kamwibia kitambaa cha kichwa. Kilikuwa chini ya mto. Alisema kaka amechukua viatu vya marehemu Baba. Viatu hivyo viligawiwa miaka minane iliyopita, na yeye mwenyewe ndiye aliyevigawa. Kila mara niliwaambia, "Ni ugonjwa unaosema, si Mama." Neno hilo likapendwa. Mama mdogo akalishika, kaka akalishika, hata jirani akalishika. Ikawa Mama hawezi kusema ana kiu bila mtu kuangalia pembeni na kulinong'ona.

Jioni moja nilirudi kazini nikamkuta amekaa kitandani, mikono mapajani, kama mtu anayesubiri kuitwa ndani ya ofisi. Aliponiona aliinuka, akafunga mlango, akasogeza pazia. Nyuma ya pazia, dirishani, palikuwa na kikombe cha chai kilichopoa, kimefunikwa kisahani.

"Onja," alisema.

"Mama, imepoa."

"Najua imepoa. Nimekuwekea. Onja uniambie wametia nini."

"Nani?"

Alitazama mlango. "Ningemjua ningekuwa nakuuliza wewe?"

Vitabu vinasema usibishane na mgonjwa, wala usimkubalie uongo. Msikilize, mtulize, mpe kitu kingine cha kufikiria. Nikachukua kikombe, nikasema, "Pole, Mama, ngoja nikutengenezee nyingine," nikakimwaga kwenye sinki. Nyingine niliyomtengenezea aliionja, akaitikia kwa kichwa polepole, akainywa yote.

Nilikuwa na daftari la kuandika mabadiliko yake, kwa ajili ya kliniki. Usiku ule niliandika: *Ameanza kuamini anatiliwa sumu. Kuonja kumeharibika. Seli za harufu hufa mapema.* Niliandika kwa mwandiko mzuri. Nilijiona mwanasayansi.

Alinihifadhia vikombe sita katika wiki ile na iliyofuata. Vyote niliviosha.

Na Mama akashuka. Si kushuka polepole kama mwanzo. Alianza kusinzia kuanzia saa tano asubuhi mpaka alasiri. Mdomo ulimkauka, akawa anaulamba kama mtu aliyetembea jangwani. Alikaa chooni muda mrefu bila kupata haja. Akiwa macho alivuta nyuzi hewani, nyuzi ambazo hazikuwepo, akizikusanya kidoleni, akimwambia Baba aliyekufa zamani ashike ncha ya pili. Siku moja alianguka kati ya kitanda na kabati. Yote niliyaandika daftarini. *Ugonjwa umeingia hatua mpya.*

Mama mdogo alipika, alifua, alimwogesha, akanyamaza. Niliona amepungua maneno, nikadhani ni huzuni.

Jumapili kaka alipokuja, Mama alikuwa macho kidogo. Walikaa chumbani wawili peke yao, mlango umerudishwa. Kaka alipotoka hakunitazama. Alikaa mezani, akamenya chungwa moja kwa muda mrefu kuliko chungwa linavyostahili.

"Kule maabara kwenu," alisema, "mnatunza dawa gani?"

"Rangi. Fomalini. Spiriti. Kwa nini?"

"Sumu zote hizo?"

"Ukizinywa, ndiyo. Kwa nini unauliza, kaka?"

"Mama anasema wewe ndiye unayemwaga chai kila anapotaka ionjwe."

Nilicheka. Kicheko kikatoka kibaya, hata mimi nilikisikia. "Ni ugonjwa unaosema, si—"

"Hilo nimelisikia," alinikata. "Nimelisikia mpaka limenichosha. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Swali langu dogo tu. Ulimwaga, hukumwaga?"

"Nilimwaga."

"Basi."

Aliweka chungwa mezani bila kula hata kipande kimoja. Kabla hajaondoka alizunguka jikoni, akafungua makopo, akanusa. Siku iliyofuata alileta kopo jipya la majani ya chai lenye kifuniko kinachobana, akamkabidhi Mama mdogo mbele yangu, akasema kwa sauti ya adabu iliyonikata maini, "Mama mdogo, tumia haya tu. Na mtu mwingine asiguse." Mama mdogo alipokea kwa mikono miwili, akainamisha macho. Nami nikaanza kuyaangalia macho ya watu. Kaka alikuwa amesema mara mbili huko nyuma kwamba Mama apelekwe kwenye nyumba ya kulelea wazee. Mimi nilikataa. Je, akidhoofika zaidi, si ataonekana alisema kweli? Wazo hilo lilinijia nikiwa napiga mswaki, nikalitema na povu, lakini asubuhi ya pili lilikuwepo tena. Sasa kopo ni lake.

Tukaanza kuishi hivyo. Kaka alinipigia simu saa za ajabu kuuliza Mama amekula nini, na nilijua hamuulizii Mama, ananichunguza mimi. Mimi nilijibu kwa neno moja moja kama shahidi.

Mkuu wetu wa maabara ni mama mmoja mfupi aliyezidi umri wa kustaafu, tunayemwita Bibi Wembe, kwa sababu ya kazi na kwa sababu ya ulimi. Alinikuta nimeharibu vipande vitatu mfululizo. Akavuta kiti.

"Shikamoo," nilisema.

"Marahaba. Umekata kama unakata mkate. Una nini?"

Nikamweleza. Nilianza na Mama, nikamaliza na kaka, nikatoa na daftari. Alivaa miwani yake ya pili juu ya ile ya kwanza, akasoma kurasa zote bila haraka.

"Mwandiko mzuri," alisema. "Uliionja?"

"Nini?"

"Chai."

Nikaanza kukusanya vile vipande vilivyoharibika.

"Kurasa arobaini," alisema, "na sampuli sita zimeletwa mpaka mkononi mwako, zimefunikwa na kisahani. Umeziosha."

"Nilidhani seli za harufu zimekufa. Ndizo huanza."

"Kweli, ndizo huanza. Pua yake huenda imekufa kabisa. Alisema chai inanuka?"

Nikafikiri. "Alisema ina uchungu."

"Uchungu unashikwa na pua?"

Hapo nilisikia shingo ikipata moto. Uchungu unashikwa na ulimi. Hata mwanafunzi wa darasa la saba anajua.

Akageuza ukurasa, akaweka kidole. "Tarehe mbili alikuwa anatembea, anakukaripia, anaficha vikombe. Tarehe kumi na sita anavuta nyuzi hewani. Siku kumi na nne. Wewe umehesabu mabonge ya protini maisha yako yote. Yanachukua muda gani kujikusanya?"

"Miaka kumi na mitano. Ishirini."

"Sasa yamepata wapi pikipiki?" Alivua miwani yote miwili. "Protini hazina haraka hiyo, mwanangu. Mzee akibadilika kwa wiki mbili, tafuta homa, tafuta upungufu wa maji mwilini, tafuta ugonjwa wa njia ya mkojo, tafuta dawa. Mdomo mkavu, choo kigumu, usingizi, njozi. Wewe hujui dawa zinazofanya hivyo?"

Nilizijua. Nilizisoma, nikafanyia mtihani. Seli za kumbukumbu huitana kwa kemikali maalumu, na zile zinazoitengeneza ni miongoni mwa za kwanza kufa katika ugonjwa wa Mama, kwa hiyo iliyobaki ni kidogo. Zipo dawa za kawaida kabisa, za mafua, za mzio, za kuleta usingizi, ambazo huziba mlango ambao kemikali hiyo inaingilia. Kijana akimeza anasinzia tu. Kwa mtu kama Mama hicho kidogo kilichobaki nacho kinafungiwa nje.

"Nenda nyumbani," alisema Bibi Wembe. "Leo usikate kitu tena. Utajikata."

Nilifika saa sita na nusu mchana. Mama mdogo alikuwa nyuma ya nyumba akianika nguo. Nilimsikia akipiga shuka. Mama amelala, mdomo wazi. Kwenye stuli palikuwa na kikombe kilichonywewa nusu. Nikakichukua, na kabla sijakifikisha mdomoni nikatazama nyuma yangu, kama mwizi.

Sukari ilitangulia. Uchungu ukaja nyuma, si wa majani yaliyochemka sana, ulikuwa mkavu, wa kunata, na ncha ya ulimi ikafa ganzi.

Mama alisema mara sita.

Nikaingia jikoni. Nilifanya nilivyofundishwa, kitu kimoja kimoja. Nilipanga vikombe mezani. Maji ya birika peke yake. Maji na majani ya kopo la kaka. Maji na sukari. Maziwa. Nikaonja kwa kijiko nikitema kwenye bakuli. Kopo la kaka lilikuwa safi, na niliona haya, lakini haya hiyo haikudumu, kwa sababu nilisikia mlango wa mbele ukifunguliwa na yeye mwenyewe akasimama kizingitini na mkoba wake wa vifaa.

Akatazama vikombe. Akatazama kijiko mkononi mwangu. Akatazama saa.

"Si uko kazini wewe?"

"Na wewe je?"

"Mimi nimekuja kuangalia." Aliweka mkoba chini taratibu. "Na nimeona. Kikulacho ki nguoni mwako. Mungu wangu, dada."

"Kaka, njoo uonje hiki."

"Nionje nini! Unataka na mimi nilale?"

"Hiki nimekitoa kando ya kitanda cha Mama. Hivi vingine vyote ni visafi. Onja kidogo, uteme."

Hakutaka. Nikakinywa mimi, funda zima, mbele ya macho yake, nikakiweka mezani. Ndipo akachovya kidole, akalamba. Uso ukamkunjamana. Akatema, akasuuza mdomo, akatema tena. Tulitazamana. Ningependa kusema tulikumbatiana, lakini haikuwa hivyo. Kila mmoja alikuwa anamkagua mwenzake.

"Twende kwa yule wa duka la dawa," alisema. "Wote wawili. Wewe tangulia."

Tulibeba kile kikombe kimefunikwa kwa karatasi. Duka la dawa liko kwenye kona, milango sita kutoka kwetu, na muuza dawa ananifahamu. Aliponiona akatabasamu kabla sijafungua mdomo.

"Karibu! Vipi ule mzio? Naona vile vidonge vyako vinakufaa. Juzi tu mama mdogo wako amekuchukulia pakiti nyingine."

Sikumwangalia kaka. Sikuhitaji, nilimsikia akivuta pumzi.

"Vidonge vipi?" nilisema.

"Si vyako vile vya kupiga chafya? Vya manjano, vinavyoleta usingizi." Tabasamu likaanza kumpotea. "Kila wiki anakuja. Anasema ni vyako, umechoka huwezi kuja mwenyewe."

Mwaka uliopita fomalini ilinisumbua pua, nikavimeza mwezi mmoja, na kweli Mama mdogo ndiye aliyekuwa akinichukulia. Kisha maabara wakatuwekea feni ya kuvuta hewa nikaacha. Nilimweleza kaka hayo pale pale, mbele ya rafu za sabuni za watoto, na nilijua jinsi yanavyosikika. Vidonge kwa jina langu. Mimi ndiye msomi wa ubongo. Mimi ndiye niliyemwaga chai. Angetaka kunipeleka polisi, alikuwa na kila kitu.

Akamgeukia muuza dawa, akamuuliza, "Huyu dada mwenyewe umemwona hapa lini mara ya mwisho?"

"Yeye? Mwaka jana labda."

Kaka akachukua kikombe kutoka mkononi mwangu. "Twende nyumbani," alisema, na safari hii hakunitanguliza. Tulitembea sambamba.

Mama mdogo alikuwa amemaliza kuanika. Alituona tukiingia na kikombe, akaona vikombe vilivyopangwa mezani, akakaa kwenye kiti cha karibu. Hakusubiri kuulizwa.

"Ni mimi," alisema. "Msigombane. Ni mimi."

Kaka alifungua mdomo, nikamshika mkono.

"Alikuwa anatoka," alisema Mama mdogo. "Ninyi hamjui. Mnamwona jioni amekaa. Mchana anavaa viatu, anachukua mkoba, anakwenda kiwandani. Nikimwambia kiwanda kilifungwa, ananisukuma. Mara ya tatu nilimfuata mpaka njia panda, amesimama katikati ya malori, anayapungia kama yametumwa kumchukua. Mimi siwezi kukimbia. Niliita watu. Mtu mmoja akamshika mkono." Alipangusa uso kwa kitenge. "Nilikwambia, Kiziwanda. Jioni ile ile nilikwambia."

Aliniambia. Daftarini ipo: *Anazurura.* Neno moja na tarehe. Nilimpa pole, nikamwambia ni ugonjwa, nikaenda kuoga.

"Mafua yalinishika nikakumbuka vile vidonge vyako. Nilimeza kimoja nikalala siku nzima, nikaamka mzima. Nikasema, kama kimenilaza mimi bila kunidhuru, yeye atapumzika na mimi nitapumzika. Kimoja. Baadaye kikawa hakimlazi, nikaweka viwili. Nilikuwa nalala naye, jamani. Alipolala nililala."

"Na aliposema ametiliwa kitu?" kaka aliuliza. Sauti ilikuwa ndogo mno kwa mtu mkubwa kama yeye. "Alikuwa anasema kila siku. Uliwezaje kukaa kimya?"

Mama mdogo alimtazama kwa mshangao wa kweli.

"Mlisema wote kwamba ni ugonjwa unaosema," alijibu. "Mlisema mpaka na mimi nikaanza kuamini. Namtilia kwa mkono wangu, anasema ametiliwa, na mimi moyoni nasema, maskini dada yangu, ugonjwa huo."

Chumbani Mama alikohoa, sote watatu tukainuka mara moja, tukagongana mlangoni.

Tulimpeleka kliniki alasiri ile ile. Daktari alimulika macho yake, akaagiza vipimo, akaamuru vidonge vikome na maji yaongezwe, akatusomea somo ambalo nililistahili peke yangu. Kaka alitaka Mama mdogo aondoke siku hiyo hiyo, na kweli aliondoka, akaenda kwa binti yake na mfuko mmoja wa nguo. Hakuna aliyemsindikiza. Mimi nilichukua likizo.

Siku ya nne Mama aliacha kuvuta nyuzi. Siku ya tisa alinikaripia kwamba nimekaanga vitunguu mpaka vimelia. Siku ya kumi na mbili alitembea mwenyewe mpaka jikoni, akashika ukuta, akaniuliza ni nani amelipanga kabati kijinga namna hii. Nililia nikimpa mgongo. Hakupona, wala sikutarajia. Yale mabonge yako pale pale na yataongezeka. Alirudi pale alipokuwa kabla ya wiki zile mbaya: miwani kwenye friji, swali moja mara nne. Lakini alikuwa yeye anayeuliza.

Nilimwambia kweli. Niliona ni haki yake. Nilikaa miguuni pake nikasema, "Mama, ulisema kweli. Nilikosa. Nisamehe."

"Kweli kuhusu nini?"

"Kuhusu chai. Ilikuwa imetiwa kitu."

"Chai ipi?" Alinipapasa kichwa, akanitazama kwa mashaka. "Wewe, unaumwa?"

Jambo lile halikuwepo tena kichwani mwake. Msamaha nilioutaka haukuwa na mtu wa kuutoa. Alichokuwa nacho ni swali jingine, nalo alinirudia asubuhi, mchana na jioni. "Mdogo wangu yuko wapi? Mmemfanya nini mdogo wangu?" Nilipomwambia amesafiri, alifinya macho. "Unanificha kitu," alisema, na hapo pia alisema kweli.

Tulikutana, mimi, kaka na mkewe, wifi yangu, tukapanga mbele ya kalenda ya ukutani. Kaka atachukua alasiri tatu. Atamtembeza Mama barabara za ndani, atakakotaka kwenda, hata ikiwa ni kiwandani, mpaka achoke na kurudi kwa hiari yake. Wifi atachukua Alhamisi. Mimi niliomba kazini niwe naingia alfajiri na kutoka saa saba. Bibi Wembe alitia saini kabla sijamaliza sentensi. Kaka alipouliza nani atajaza asubuhi, wote tulijua jibu na hakuna aliyetaka kulisema. Mwisho alilisema yeye.

Nilimkuta Mama mdogo kwa bintiye, amekaa uani akichambua mchele ambao ulikwisha chambuliwa. Alikuwa amekonda.

"Dada ananiulizia?" alisema.

"Kutwa."

"Mnaniamini?"

Ningeweza kusema ndiyo. "Bado, Mama mdogo," nilisema. "Sijui lini. Lakini hutakaa naye siku nzima peke yako tena. Hilo lilikuwa kosa letu. Rudi."

Aliweka sinia chini, akaingia ndani kuchukua mfuko wake. Mama alipomwona mlangoni alimwambia amechelewa, akamsogezea kiti.

Tunaishi. Mwezi uliopita Mama aliniita kwa dharura: jirani kaiba saa ya ukutani. Nilitazama ukuta. Saa kweli haikuwepo. Nikavaa viatu, nikaenda kwa jirani, nikamweleza kwa haya zote kwamba naomba nitazame kuta zake. Ni mtu mzuri, alinifungulia vyumba vyote, hata chumba cha kulala. Nilirudi.

"Nimetazama, Mama. Haiko kwao."

Alifikiri. "Umetazama vizuri?"

"Vyumba vyote."

"Basi si yule," alisema, akatulia kabisa, akajifunika kanga miguuni. "Tutaendelea kutafuta."

Tukaendelea kutafuta, mimi, yeye na Mama mdogo, chumba baada ya chumba, mpaka kaka alipofika kumchukua matembezi.